Vijineno vya Kiingereza na Barua ya Mzee Jirani

Ndugu msomaji, juma hili nilikusudia kuzungumza nawe juu ya methali na matumizi yake nyumbani, lakini barua moja imenibadilisha nia. Barua yenyewe haikuletwa na tarishi. Ililetwa na mzee mmoja jirani yangu, fundi mitambo aliyestaafu, ambaye alibisha hodi jioni ya Jumanne, barua ameikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa shati.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisomee hii. Mimi nimekwisha kuisoma, na mjukuu wangu amekwisha kuisoma, lakini naona kama bado haijasomwa."

Mzee huyu alikuwa ameiandikia kampuni aliyoitumikia akiomba miaka yake 4 ya kibarua, kabla hajaajiriwa rasmi, ihesabiwe katika mafao yake. Miaka 4 si haba. Kwa mtu anayesomesha wajukuu wawili, miaka 4 ni ada, ni paa la nyumba, ni dawa ya shinikizo la damu. Kampuni ilijibu kwa Kiingereza, katika sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba ombi lake limekuwa "turned down". Ya pili ilimtaja meneja wa utumishi, ikaongeza kwamba mzee asiporidhika anaweza "take it up with him" katika muda wa siku 30.

Mjukuu, ambaye yupo kidato cha pili na si mvivu hata kidogo, alichukua kamusi. Akaona "turn" ni geuza, na "down" ni chini. Basi ombi limegeuzwa likapelekwa chini, yaani limerudishwa kwa wakubwa wa ngazi ya chini walishughulikie. Sentensi ya pili nayo ikawapa matumaini zaidi: "take" ni chukua, "up" ni juu, "with him" ni pamoja naye. Wakaelewa kwamba meneja mwenyewe atalichukua ombi alipandishe juu. Wakatulia wakangoja. Nilipoitazama tarehe ya barua na kuhesabu, siku zilikuwa 41.

Nilipomwambia mzee kwamba maneno yale ya kwanza maana yake ni kuwa ombi limekataliwa, na kwamba yale ya pili yalimtaka yeye mwenyewe aende akalalamike kwa meneja, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Sasa mbona hawakuandika kwamba limekataliwa?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha mezani. Waingereza wana neno la kukataa, tena wanalo zaidi ya moja. Mbona basi wakaacha neno lililo wazi wakashika kitenzi kinachomaanisha kugeuza, wakakifungia kijineno kinachomaanisha chini?

Jibu la kwanza limo katika historia yao. Lugha ya Kiingereza imejengwa kwa matabaka, kama udongo wa kisima. Chini kabisa mna maneno ya Waanglia na Wasaksoni. Juu yake yakaja maneno ya mabaharia wa Skandinavia, wale walioivamia pwani ya Uingereza tangu mwaka 793, ambao wengi wao baadaye walihamia, wakalima, wakaoa. Hawa hawakuacha majina ya vitu tu. Waliacha hata viwakilishi: "they", "them" na "their" asili yao ni huko Skandinavia. Kadhalika "take" na "get", vitenzi ambavyo leo hubeba vijineno vingi kuliko punda wa Lamu. Tabaka la tatu ni la Wanormani, waliokuja mwaka 1066 wakiwa na Kifaransa chao, na nyuma yao Kilatini cha makanisa na mahakama.

Ndiyo maana Mwingereza ana namna mbili za kulisema karibu kila jambo. Akiandika hati rasmi moto "anau-extinguish", lakini mkewe akiungua jikoni "anau-put out". Jeshi "lina-surrender", bali mtu wa kawaida "ana-give up". Nasi tunazo jozi za namna hiyo, msomaji wangu: mgeni rasmi huwasili, mgeni wa kawaida hufika. Tofauti ni hii, kwamba kwetu jozi hizo zote mbili huwa maneno kamili, ilhali Mwingereza katika mazungumzo ya nyumbani hujenga vitenzi vyake kwa vijineno vya mahali: juu, chini, ndani, nje, mbali, nyuma.

Shule zetu humfundisha mtoto Kiingereza cha vitabuni kwanza. Akamaliza kidato cha nne akijua "tolerate", lakini akisikia "put up with" akadhani kuna kitu kinapandishwa juu. Hilo si kosa la mtoto. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755, aliandika katika dibaji yake kwamba vitenzi vya namna hii, vinavyobadilika maana kwa kuongezewa kijineno, ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Ikiwa mwenye lugha alikiri hivyo zaidi ya miaka 250 iliyopita, basi mjukuu wa jirani yangu asione haya.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni mahali pa kumkalisha "yeye", "mimi" au "hiki" katikati ya kitenzi na kijineno chake. Hapa Kiingereza kina sheria kali ambayo aghalabu haifundishwi waziwazi.

Chukua redio. Unaweza kusema "turn off the radio", na unaweza kusema "turn the radio off". Yote mawili ni sawa. Lakini ukiiacha redio ukatumia kiwakilishi, huna hiari tena: lazima useme "turn it off". Ukisema "turn off it", Mwingereza atakuelewa, ila sikio lake litakwaruzwa. Kiwakilishi hapo hupaswa kubanwa katikati.

Kisha chukua mtoto. Kumtunza ni "look after the child". Ukitumia kiwakilishi ni "look after her". Hapa kiwakilishi hakibanwi katikati hata kidogo. "Look her after" si Kiingereza cha mtu yeyote. Kwa nini redio iwe hivi na mtoto awe vile? Kwa sababu "off" katika mfano wa kwanza ni sehemu ya kitenzi chenyewe, kama mkia wa ng'ombe, ambao hupeperuka mbali na kiwiliwili lakini haubanduki. Kijineno "after" katika mfano wa pili ni kihusishi halisi, na kihusishi hakikubali kuachana na jina lake. Popote jina liendapo, chenyewe hutangulia.

Utavitambuaje? Tega sikio. Katika "turn it off", sauti hukazwa kwenye "off". Katika "look at it", kijineno "at" hupita kama pumzi tu. Tena jaribu "look over". Ukichungulia juu ya ukuta, ukuta ukiuita "it", utasema "look over it". Ukiipitia barua kabla ya kuitia sahihi, barua ukiiita "it", utasema "look it over". Maneno ni yale yale matatu. Yamebadilishana viti, na maana imehama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyumbani, nao nawaombea radhi mashemeji wote. Shemeji amekuja kutoka bara, amekaa juma zima. Ukisema "I put him up for a week", umesema kwamba ulimpa malazi kwa juma zima, na yeye akisikia atafurahi. Ukisema "I put up with him for a week", umesema kwamba ulimvumilia juma zima, na mkeo akisikia utalala na njaa. Ukiongeza "I put him off", umemkatisha tamaa asije. "I put him down", umemdhalilisha mbele ya watu. Na "I put him through" ni yule wa simu aliyemuunganisha na mtu anayetaka kuzungumza naye. Kitenzi ni kimoja, tena cha herufi 3, nacho maana yake ya asili ni kuweka tu.

Sasa, ndugu msomaji, usidhani kwamba huu ni uchawi wa wageni peke yao. Hebu tutazame yaliyomo katika Kiswahili chetu. Sisi nasi kiwakilishi tunakibana katikati. Mtu akikuambia uzime taa, nawe ukimwamuru mwenzio bila kuitaja taa, utasema "izime". Hiyo "i" ya mwanzo ndiyo taa, imebanwa mbele ya kitenzi, wala huwezi kuipeleka nyuma ukasema "zimei". Sheria ya kiti cha kiwakilishi tunayo tangu utotoni, ila hatukuihesabu kuwa sheria kwa sababu tuliinyonya pamoja na maziwa.

Na kazi inayofanywa na vijineno vya Kiingereza, sisi tumeitia ndani ya tumbo la kitenzi. Mwingereza huandika, kisha huongeza kijineno ili aonyeshe anamwandikia nani. Sisi tunasema andika na andikia, yamekwisha. Tena twaweza kugeuza maana kabisa kwa mguso mdogo. Anayehama Tabora anaondoka. Anayehamia Tabora anafika. Anayekimbia vita na anayekimbilia vitani wanapishana njiani. Kumwomba mtu ni kumtaka akupe; kumwombea ni kumtakia heri kwa Mungu. Na ole wake kijana anayejifunza Kiswahili ukubwani, akitaka kumwambia mama mkwe kwamba alimchekea, akasema alimcheka! Kosa hilo ni ndugu wa lile la shemeji.

Halafu kuna "nyumbani". Neno hili moja Mwingereza atalihitajia vijineno vinne. Nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, nimeingia nyumbani: kwetu kiambishi ni kile kile "ni", na kitenzi ndicho kinachoeleza safari. Yeye hana budi kuchagua baina ya "at", "to", "from" na "into". Basi msomi wetu akiandika Kiingereza hukosea hapo, kwa kuwa hakuzoea kuchagua. Lakini mgeutaje Mwingereza akianza kutofautisha nyumbani pangu, nyumbani kwangu na nyumbani mwangu? Pale palipo dhahiri, kule kulikoenea, mle mlimo ndani. Hapo zamu ya kutokwa jasho huwa yake.

Mkondo huu wa fikira ndio unaotupatia makosa yetu ya kila siku, na afadhali tuyajue kwa majina. Sisi tunasema "nieleze" na "niambie", kiwakilishi kimekaa vile vile katika yote mawili. Kwa hiyo tukivuka mpaka tunasema "tell me", ambayo ni sawa, na "explain me", ambayo si sawa. Lazima iwe "explain it to me". Tunasema "tuzungumze juu ya" jambo fulani, ndipo twaandika "discuss about", ingawa kitenzi hicho cha Kiingereza hakitaki kijineno chochote. Tunasema mwanamke ameolewa na fulani, tukatafsiri "na" kuwa "with". Jihadharini hapo, akina dada. "I am married to him" ni mumeo. "I am married with two children" maana yake umeolewa na una watoto wawili. Anayesema "married with him" anamwacha msikilizaji akijiuliza huyo "him" ni mume au ni mtoto.

Tunadondosha pia vijineno pale vinapotakiwa. Katika Afrika Mashariki nzima, Kampala, Nairobi na kwetu, mtu akiahidi kukupitia kwa gari husema "I will pick you at five". Miongoni mwetu hakuna tatizo, maana sote tumezoea hivyo, na mimi binafsi sioni sababu ya kumcheka mtu kwa hilo. Lakini mgeni atasikia kwamba atachaguliwa saa kumi na moja, kama mchezaji wa timu. Yeye hutazamia "pick you up", na "you" ibanwe katikati. Ajabu ni kwamba gari dogo la mizigo hatukulinyima kijineno chake: tunaliita pikapu, na "apu" yake haikudondoka. Ndivyo tulivyofanya hata barabarani. Kibao kilichowaamuru madereva washike upande wa kushoto kikageuka kuwa jina la mzunguko wenyewe, kipilefti, na leo unaweza kumwelekeza mtu akate kulia kwenye kipilefti bila yeyote kucheka.

Limebaki jambo moja la viwakilishi ambalo huwapata zaidi waliosoma kuliko wasiosoma. Baada ya kihusishi, Mwingereza hubadili sura ya kiwakilishi: "I" huwa "me", "he" huwa "him", "they" huwa "them". Kwetu "mimi" ni "mimi", awe ametenda au ametendwa. Watoto wa shule hukaripiwa sana kwa kusema "me and my friend went", wakaambiwa waseme "my friend and I". Basi wakaiogopa "me" kama nyoka, wakaikimbia hata mahali ilipo haki yake, wakasema "between you and I". Sarufi inataka "between you and me". Dawa ni rahisi: mwondoe mwenzako katika sentensi ujisikilize. Hakuna asemaye "he gave it to I". Kwa hiyo hata mkiwa wawili ni "to you and me".

Hata hivyo usimwonee sana mtu kwa kosa hili. Shakespeare mwenyewe aliliandika, katika tamthilia ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuchapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Limo katika barua ya Antonio kwa rafiki yake Bassanio, wakati Antonio anangoja kukatwa ratili ya nyama. Wataalamu wengine humtetea, kwamba katika zama zake sheria hiyo haikuwa imekazwa. Mimi naona kwamba mtu anayengoja kisu hana haja ya kuulizwa sarufi.

Turudi kwa mzee, maana alikuwa amekaa sebuleni kwangu muda wote huo, chai imepoa.

Nilimweleza mjukuu wake, aliyemfuata babu yake baadaye na kamusi kwapani, kwamba kosa lake halikuwa la uvivu bali la kutafuta nusu nusu. Katika kamusi nzuri, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, usiishie kwenye maana ya kwanza ya kitenzi. Shuka na kidole mpaka ukutane na kitenzi pamoja na kijineno chake. Ukitafuta "turn" peke yake na "down" peke yake, umemtafuta mume na mke katika nyumba mbili tofauti wakati wenyewe wanaishi pamoja. Kijana alishuka na kidole. Alipofika penyewe alisoma kimya, akamtazama babu yake, akaifunga kamusi.

"Nilikosea, babu."

"Hukukosea peke yako," mzee akamjibu. "Nami niliishi na wazungu wa mitambo miaka mingi. Nilikuwa najua 'switch on' na 'switch off'. Sikujua kwamba na mtu anaweza kuzimwa."

Tulikaa tukaandika barua nyingine, mara hii kwa Kiswahili. Tulieleza kwamba barua ya kampuni haikueleweka na mlengwa wake, kwamba muda wa siku 30 ulipita kwa sababu hiyo, na kwamba anaomba apewe nafasi ya kuonana na meneja. Tuliambatisha nakala za vitambulisho vyake vya kazi vya miaka ile 4, ambavyo mkewe alikuwa amevihifadhi katika kopo la biskuti. Sikuona haya kuandika kwa Kiswahili. Mwenye kumwajiri mtu kwa Kiswahili, akamwamuru kwa Kiswahili na kumlipa ujira kwa Kiswahili, anaweza pia kumkatalia kwa Kiswahili. Na kama kampuni hiyo inasoma ukurasa huu, shauri hili ni lao pia.

Alhamisi mzee aliipeleka barua mwenyewe. Karani wa mapokezi aliigonga muhuri, akamrudishia nakala, akamwambia kwa upole: "We will get back to you."

Jioni alikuja tena kwangu, hakutaka hata kuketi.

"Mwanangu, hiyo 'back' ni kurudi nyuma, au ni ipi?"

Nilimweleza. Akaenda zake, akaizungushia duara tarehe ya siku ile katika kalenda yake ya ukutani, na tangu hapo kila asubuhi mjukuu huongeza alama moja.